Gunzi la Bi Kobe

– Paukwa.
– Pakawa.
– Tangi likakaa.
– Maji yakajaa.
– Mwenye njaa?
– Asogee mbele.
– Mwenye wivu?
– Asogee mbele zaidi, leo ni zamu yake.

Basi hapo zamani, si zamani sana, kando ya ziwa palikuwa na boma la Bi Kobe. Boma lilizungukwa na ua wa miiba, na ndani yake mlikuwa na kuku tisa, pipa la maji ya mvua, na tangi la kioo. Tangi la kioo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye hoteli iliyofungwa, wenyewe wakaondoka wakaacha vitu nyuma. Mmeridhika? Haya. Na anayetaka kuuliza pipa lilitoka wapi, aende akaulize kwingine.

Mlinzi wa boma hilo alikuwa Kenge. Urefu mikono mitatu, kucha kama ndoano, mkia kama mjeledi. Zamani alikuwa mwizi wa mayai, na wizi huo aliuacha siku ile Bi Kobe alipompa kazi ya kuyalinda. Ndivyo ilivyo: mwizi ukimpa lindo haibi tena, anangoja posho. Kila alasiri Bi Kobe alimletea bakuli lake la bati, mayai mawili na vichwa vya samaki vya kujaza. Kenge alikula, gwafu gwafu gwafu, akalamba bakuli mpaka bati likalia.

Lakini msidhani Kenge alikaa pale kwa ajili ya mayai. Mayai yako kila mahali. Kilichomkalisha ni gunzi.

Kila alasiri, bakuli likishalia, Bi Kobe alichukua gunzi la hindi lililokwisha kupukuchuliwa, akaketi chini taratibu, maana Kobe hana jambo la haraka, akamsugua Kenge mgongoni kuanzia shingoni mpaka kwenye shina la mkia. Kru, kru, kru. Kenge akafumba macho. Mgongo wa kenge ni magamba matupu, mikono yake haifiki huko, na mwasho wa magamba haumwogopi mwenye nguvu. Kru, kru, kru. Miaka saba. Katika dunia nzima hapakuwa na mwingine aliyewahi kumgusa Kenge kwa wema. Wengine walimgusa kwa mawe.

Sasa masika yakaisha, madimbwi yakaanza kukauka. Siku moja Bi Kobe akarudi kutoka ziwani amebeba kitu kwenye ndoo, na katika ndoo hiyo mlikuwa na Sangara. Alimkuta amenaswa kwenye unyayo wa kiboko, maji yamebaki ya kulowesha mapezi tu.

Mnamjua sangara. Ni samaki mla samaki, ziwani hakuna dagaa asiyemkimbia. Lakini huyu alikuwa kichwa kitupu. Kichwa cha bwana mkubwa, mwili wa ufito. Tumbo limeingia ndani, mgongo umetoka juu kama kisu, na anaogelea upande upande kama mlevi anayetafuta mlango.

Bi Kobe akamtia kwenye tangi la kioo. Akafunika upande mmoja kwa gunia ili mgonjwa asishtuke. Akaweka jiwe apate pa kujificha. Kisha akasema neno ambalo kila mtu wa boma lile alilijua kwa moyo:

"Hapa kwangu, aliyenona hujilisha, aliyekonda hulishwa."

Siku ya kwanza hakumpa kitu. Alitia chumvi kidogo majini, akamnywesha dawa ya minyoo, akamwacha tumbo lipumzike. Siku ya pili akaja na kibanio cha mwanzi uliopasuliwa, na kwenye ncha ya kibanio amebana kamba mmoja wa mtoni, mbichi, amemenywa ganda. Akamtumbukiza majini akamchezesha, tiki, tiki, tiki, maana sangara hali kilichokufa, lazima kijifanye kinakimbia. Sangara akamtia kinywani. Akatema. Alasiri akaletewa mwingine. Akatema. Kesho yake asubuhi akaletewa wa tatu, huyo alimtema hata kabla hajamtia kinywani vizuri, akampiga kwenye kioo. Kila mara Bi Kobe alitoa mabaki kwa kiwavu, maji yasinuke, wala hakukasirika.

Siku ya nne: tiki, tiki, tiki. Kwapu.

"Amemeza," Bi Kobe akasema, na sauti yake ilikuwa na machozi ndani.

Kenge alisikia. Alikuwa amelala kando ya pipa, bakuli lake tupu mbele yake. Akafikiri: miaka saba nimemeza mayai hapa, nimemeza vichwa vya samaki mpaka miba imenizoea, na hakuna hata siku moja mtu aliyesema "amemeza" kwa sauti ile.

Tangu siku hiyo boma likageuka. Asubuhi kamba, na alasiri kamba, kipande kisichozidi jicho la mgonjwa. Kila siku ya tatu maji yanapunguzwa ndoo kadhaa na mapya yanaongezwa, polepole, yasimshtue. Kila siku ya saba mgonjwa halishwi, na siku hiyo hupimwa: Bi Kobe anamtia wavuni, anamtundika upande mmoja wa mti wa mizani, upande wa pili anatundika mawe. Siku ya kwanza kupimwa Sangara hakufikisha hata jiwe moja.

"Akivuta mawe manne namrudisha ziwani," Bi Kobe akawaambia kuku.

Kuku wakasema vizuri, wakaendelea kuchakura.

Na bakuli la bati? Lilikuja. Liliwekwa chini, gwang, na aliyeliweka akageuka mbiombio, yaani mbio za kobe, kurudi kwenye tangi. Gunzi lilibaki limechomekwa kwenye ua, likipigwa na jua.

"Bi Kobe," Kenge akasema siku moja, "leo mgongo unaniwasha."

"Jisugue kwenye pipa, mwanangu. Mgonjwa ana zamu."

Kenge akajisugua kwenye pipa. Pipa halina mkono. Akarudi kulala, akalitazama tangi, na moyoni mwake pakaanza wimbo ambao haukukoma tena:

*Yeye kamba, mimi kichwa.*
*Yeye kibanio, mimi bati.*
*Yeye kutazamwa, mimi kutazama.*

Siku Bi Kobe alipokwenda mtoni kutafuta kamba, Kenge akaliendea tangi, akabandika pua kwenye kioo.

"We ufito. Una nini wewe?"

"Nina kizunguzungu, kaka," Sangara akajibu kutoka nyuma ya jiwe.

"Unakula kamba."

"Kamba mmoja, tena kwenye ncha ya kijiti, na mtu amenikodolea mpaka kooni aone kama nimemeza. Wewe unakula bakuli zima umegeuza mgongo, hakuna anayekuuliza. Bahati iliyoje. Na lile gunzi ninalolisikia kuku wakilisema, kaka, ni kweli ulikuwa unasuguliwa? Mimi tangu nifike sijaguswa ila na wavu."

"Unakula kamba," Kenge akasema tena.

"Nikifika mawe manne naondoka. Vumilia."

Wahenga walisema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni. Katika maneno yote hayo Kenge alisikia neno moja, kamba. Akarudi pipani na wimbo wake.

*Yeye kamba, mimi kichwa.*
*Yeye kibanio, mimi bati.*
*Yeye kutazamwa, mimi kutazama.*

Nje ya ua alikuwepo Bi Nguchiro. Mdogo, mwili wa kujaa kiganja na mkia wa kuzidi. Alikuwa na watoto watano, na kiangazi kimeingia, nzige wameadimika, mende wamekauka. Kila adhuhuri alikaa nje ya miiba akinusa harufu ya mayai. Kwa nguvu hakumweza Kenge. Kwa meno hakumweza. Alichokuwa nacho ni masikio, na kwa masikio hayo aliusikia ule wimbo.

"Hodi, Mjomba Kenge."

"Hodi hukohuko uliko. Ukitia pua ndani naikata."

"Sitii pua. Nimekuja kukujulia hali tu. Nasikia unavyopumua, kama kiriba kilichotoboka."

"Kinakuhusu nini?"

"Hakinihusu, mjomba. Mimi mtu wa kuuliza tu, uongo siuwezi. Eti yule samaki alipokuja alikuwa mnene?"

"Mnene? Alikuwa ufito."

"Na Bi Kobe husemaje juu ya aliyekonda?"

"Hulishwa."

"Na aliyenona?"

Kenge akalitazama tumbo lake, lililolala chini ubavuni kwake kama mtoto wa jirani aliyegoma kurudi kwao.

"Nimeuliza tu," Bi Nguchiro akasema. "Haya, kwaheri."

Alasiri bakuli likaja, gwang. Mayai mawili, vichwa vya samaki. Kenge akalitazama. Tumbo likasema nguruu. Akaligeuzia uso. Lakini akawaza: bakuli likirudi limejaa, Bi Kobe atasema Kenge ameshiba, na aliyeshiba hapewi kibanio. Sharti bakuli lirudi tupu na mwili upungue. Nimpe nani? Kuku? Kuku hawana siri, wakila kitu kitamu boma zima linaambiwa.

"We Nguchiro," akaita kwa sauti ya chini. "Njoo ule hivi."

"Mimi?" Bi Nguchiro akajibu kutoka nje ya miiba. "Nile posho ya mlinzi? Mjomba, mimi nina jina langu. Watu watasema nini?"

"Kula."

"Na Bi Kobe je?"

"Kula kabla sijakung'ata."

"Kama unanilazimisha, sina la kufanya. Lakini kuku ni mashahidi kwamba nimelazimishwa." Akapiga mluzi, fyuu, na watoto watano wakapenya chini ya ua, mmoja nyuma ya mwingine.

"Hao je?" Kenge akauliza.

"Hao wamekuja kunisaidia kulazimishwa."

Gwafu gwafu gwafu. Bakuli likalia kama kawaida, na kumbe ulimi uliolamba si ule.

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tano Kenge akawa na shingo. Siku ya kumi akawa na mbavu, akazihesabu kwa furaha, akakosea hesabu, akarudia. Siku ya kumi na tano ngozi yake ilimning'inia kama shuka la kuazima. Bi Kobe alipita na ndoo ya maji mapya, akasimama.

Kenge akageuza ubavu uonekane vizuri. Ndiyo leo.

"Mwanangu, mbona unapungua?" Bi Kobe akasema. "Basi nitakuongezea yai."

Akaongeza yai. Kesho yake la pili. Bakuli likaja na mayai manne, vichwa vimejaa mpaka vinadondoka. Bi Nguchiro alipoliona alishika kichwa.

"Mjomba, hivi vyote? Nitaugua."

"Kula," Kenge akasema, na mate yakimdondoka kwenye vumbi, tone, tone, tone. "Ukibakiza nakung'ata."

Watoto wa Nguchiro wakaanza kuwa na mashavu. Mdogo kuliko wote akanasa kwenye ua wakati wa kutoka, wakamvuta wanne.

Upande wa pili wa boma, Sangara naye alikuwa anajaa. Mgongo ulikuwa umefukiwa na nyama, tumbo limetoka, rangi imerudi, ya fedha yenye kung'aa. Siku ya kupimwa, mawe yakatundikwa: moja, mawili, matatu. Mti ukalala sawasawa.

"Limebaki jiwe moja," Bi Kobe akawaambia kuku. "Kupimwa kunakofuata, Mungu akipenda, anakwenda kwao."

Kuku wakasema vizuri. Kenge hakusikia. Alikuwa anasikiliza tumbo lake, na wimbo.

*Yeye kamba, mimi kichwa.*
*Yeye kibanio, mimi bati.*
*Yeye kutazamwa, mimi kutazama.*

"Nguchiro," akasema adhuhuri ya kesho yake, kichwa amekilaza chini maana shingo haikukiweza tena. "Nimekonda. Mbavu zote ziko nje. Mbona sioni kibanio?"

"Ukweli sijui, mjomba. Mimi mtu wa kuuliza. Yule samaki alipoletewa chakula mara ya kwanza alifanyaje?"

"Alitema."

"Mara ya pili?"

"Alitema."

"Mara ya tatu?"

"Alitema mpaka kwenye kioo."

"Na wewe bakuli lako hurudi vipi?"

Kenge akafumba macho. Aliona jinsi alivyokuwa mjinga. Bakuli tupu. Kumbe siku zote hizi Bi Kobe alikuwa anamwona mtu anayekula vizuri.

"Kwa hiyo niteme," akasema.

"Hilo umelisema wewe," Bi Nguchiro akajibu. "Mimi nauliza tena kimoja tu. Yeye alitema karibu au mbali?"

"Mbali. Mpaka mwisho wa tangi."

"Na boma lako mwisho wake ni wapi?"

"Kwenye ua."

"Aa," Bi Nguchiro akasema, akaenda kuwapanga watoto wake nje ya miiba.

Alasiri bakuli likaja, gwang. Safari hii Kenge hakungoja Bi Kobe ageuke. Akachukua yai kinywani, akalitema, fuup, likapaa juu ya ua. Nje pakasikika kwapu. Bi Kobe akageuka polepole, shingo kwanza, kisha gamba.

Kenge akachukua kichwa cha samaki. Fuup. Kwapu.

Akachukua yai la pili. Hilo lilikuwa na joto bado, la kuku mwekundu, na lilipomgusa ulimi Kenge alitaka kulia. Fuup. Kwapu.

Bi Kobe akaweka ndoo chini. Akaweka mkono mdomoni. Akamjia Kenge, akainama, akamtazama kwa macho yaleyale, macho ya tangini, macho ya "amemeza".

"Hapana," akasema. "Huyu naye. Mwanangu, umeugua mbele ya macho yangu na mimi nimempa mgongo mtoto wa nyumbani. Nisamehe. Nitakutunza kama nilivyomtunza yule."

"Kila kitu?" Kenge akauliza.

"Kila kitu."

"Na kibanio?"

"Na kibanio."

"Na kamba?"

"Na kamba. Ingia kwenye pipa."

Kenge hakuambiwa mara ya pili. Nguvu zilizobaki zote alizikusanya kwenye miguu ya nyuma, akaruka. Chubwi.

Kwanza ilikuja chumvi. Konzi mbili, kwa sababu yeye ni mkubwa kuliko Sangara, na magamba yake yalikuwa yamepasuka kwa kukosa kusuguliwa. Ilimwingia kila mpasuko. Ikaja dawa ya minyoo, mwarobaini uliochemshwa mpaka ukawa mweusi, kata nzima, kisha kata nyingine ya kusukuma ile ya kwanza. Likaja gunia juu ya pipa ili mgonjwa asishtuke, na juu ya gunia wavu wa chuma, na juu ya wavu jiwe. Kamba hakuja.

"Bi Kobe," Kenge akaita kutoka gizani. "Chakula?"

"Siku ya kwanza mgonjwa halishwi, mwanangu. Tumbo lipumzike."

Kesho yake gunia likafunuliwa upande. Kibanio kikaingia, kile kile cha mwanzi, na Kenge alipokiona alisahau chumvi, alisahau mwarobaini. Tiki, tiki, tiki. Akapanua kinywa chote, kinywa cha kumeza kuku na kiota chake.

Kwapu.

"Amemeza," Bi Kobe akasema kwa sauti ya machozi.

Kenge akangoja. Akaendelea kungoja.

"Na waliobaki?" akauliza.

"Waliobaki nani? Mgonjwa hula kipande kisichozidi jicho lake."

Nanyi mnalijua jicho la kenge. Ni punje ya choroko.

Sasa boma halikai bila mlinzi. Bi Kobe akaenda kwenye ua, akachungulia nje, akamkuta Bi Nguchiro amelala chali, tumbo juu, watoto watano wamelala chali pembeni yake kwa mpangilio wa ukubwa.

"Bi Nguchiro, naona siku hizi umenawiri. Mwili kama wako unaweza lindo."

"Mimi? Bi Kobe, mimi nina jina langu."

"Posho ni mayai mawili na vichwa vya samaki. Bakuli zima."

"Kama unanilazimisha," Bi Nguchiro akasema, akapitia mlangoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Siku nne zikapita, kamba wa choroko asubuhi, kamba wa choroko alasiri. Siku ya tano ilikuwa ya kupima, na siku ya kupima hakuna mgonjwa aliyelishwa. Sangara akatundikwa. Moja, mawili, matatu, manne. Mti ukalala sawa. Halafu akatundikwa Kenge, mkia umekunjwa mara tatu wavuni kama kamba ya ng'ombe, na kuku wote tisa wanatazama. Upande wake wa mti uliinuka juu. Sangara alimwona kutoka kwenye ndoo ya safari.

"Kaka," akasema, "nilikwambia uvumilie."

Bi Kobe akambeba Sangara mpaka ziwani. Akarudi na ndoo tupu. Akamwaga maji ya tangi kwenye mchicha, akalifuta kioo, akalifunika. Kisha akasimama katikati ya boma lake, na alasiri ilikuwa ndefu, na hakuwa na la kufanya. Mikono yake ilikuwa imebaki bure. Kwa mara ya kwanza tangu masika.

Akatazama huku. Akatazama kule. Akaliona gunzi kwenye ua.

Kenge alimwona analichomoa. Alimwona analipuliza vumbi, fuu. Alinyanyua kichwa mpaka pua ikagusa wavu wa chuma, na kila gamba la mgongo wake likamwita yule mama kwa jina.

Bi Kobe akaja mpaka kwenye pipa. Akachungulia.

"Maskini mwanangu," akasema. "Ningekusugua, lakini mgonjwa wa chumvi hasuguliwi, atachubuka. Ngoja upone. Ukivuta mawe kumi tutaona." Kisha akageuka, shingo kwanza, gamba baadaye. "Nani aliyemaliza kula?"

Bakuli la bati likalia.

Bi Nguchiro akaja, akajilaza mbele yake, akanyoosha miguu. Yeye hana magamba, ana manyoya tu, na katika maisha yake mgongo haujawahi kumwasha. Kru, kru, kru. Akafumba macho. Kru, kru, kru.

Kenge hakuomba kutoka. Hata jiwe lingeondolewa juu ya wavu asingetoka, maana kesho asubuhi palikuwa na kamba. Lakini Bi Kobe alipoingia ndani akasema kutoka pipani, polepole, kwa sauti iliyojaa maji:

"Nguchiro. Ulinidanganya."

"Mimi, mjomba?" Bi Nguchiro akajibu bila kufumbua macho. "Hebu nitajie neno moja tu nililokwambia ambalo lilikuwa uongo."

Kenge akalitafuta. Alianzia siku ya kwanza, akaja siku ya pili, akapitia maswali yote moja moja mpaka jua likatua. Hakulipata. Majibu yote yalikuwa yake mwenyewe.

Ndiyo maana hadi leo ukimkuta kenge utamwona anatoa ulimi anaurudisha, anautoa anaurudisha. Wengine husema ananusa hewa. Ananusa nini? Anapapasa kibanio.

Na fundisho? Mimi napenda mambo ya wazi, kwa hiyo nalisema wazi, asije mtu kuniuliza njiani. La kwanza, semeni kweli siku zote, kwa maana msema kweli hulala mahali pema, mmemwona wenyewe anasuguliwa. La pili, wivu haujawahi kumshibisha kiumbe yeyote hapa duniani.

– Hadithi imefika uani.
– Miiba ikaizuia.
– Tamu yake?
– Tumegawana.
– Chungu yake?
– Mtilie Kenge pipani.

Na asiyeamini hilo la wivu, awaulize watoto watano wa Bi Nguchiro. Watamjibu wakishameza.